Usiukate Mti Kabla ya Kuchunguza Nyasi

Je, msomaji, kuna mtu nyumbani kwako ambaye mvua ikishapita huanza kupiga chafya mfululizo, macho yakimwasha na makamasi yakimtiririka kama maji? Yamkini umekwisha kupata wa kulaumu: ule mjakaranda ulio langoni. Kabla ya kushika shoka, soma kwanza.

Chavua inayosumbua sana watu wenye mzio ni ile inayopeperushwa na upepo. Ipo miti ya aina hiyo, kama vile mvinje. Mjakaranda huchavushwa na wadudu. Lakini nyasi, hata hizo za uani, hutegemea upepo. Mnamo 1873 daktari Mwingereza Charles Blackley, ambaye mwenyewe aliugua maradhi haya, alichapisha kitabu kuhusu majaribio aliyojifanyia kwa chavua ya nyasi.

"Lakini mwanangu alipimwa," utasema, "tukaambiwa miti na nyasi zote zinamdhuru!" Hapo ndipo penye mtego. Katika kipimo cha ngozi, matone yenye chavua hutiwa mkononi, ngozi ikadungwa kidogo, na baada ya dakika 15 uvimbe ukaangaliwa. Uvimbe huo waonyesha kwamba kinga ya mwili imeitambua chavua ile. Hauthibitishi kwamba ndiyo inayomwuguza.

Karibu kila mmea una protini iitwayo profilini, ambayo mwaka wa 1991 wanasayansi walieleza kuwa huweza kuleta mzio. Profilini ya nyasi hufanana sana na ya mti. Kinga iliyozoea kupigana na ile ya nyasi ikikutana na ya mti, hudhani ni adui yule yule, kama mlinzi wa usiku anayemkamata pacha wa mwizi. Baadhi ya watu hawa hata wakila tikiti maji huwashwa mdomo.

Kosa hili lina gharama. Yapo matibabu ya kuuzoeza mwili chavua kidogo kidogo, nayo kwa kawaida huchukua miaka 3 au zaidi. Ikichaguliwa chavua isiyohusika, pesa na miaka hiyo imekwenda bure.

Basi ufanyeje? Tafuta daftari. Andika tarehe, saa na mahali dalili zilipoanza. Je, nyasi zilikuwa zikifyekwa? Mti ulikuwa umechanua? Mpelekee daktari daftari hilo, umwulize kama linaafikiana na kipimo. Kipo pia kipimo cha damu kinachoweza kutenganisha profilini na protini nyingine za nyasi. Mweleze dawa za mzio anazotumia mgonjwa, kwani huweza kuuzuia uvimbe usitokee.

Lakini kifua kikibana au pumzi ikiwa ya shida, usingojee daftari: mkimbize hospitalini mara moja.

Na mjakaranda wako? Uache kwanza usimame. Huenda mwizi yuko chini yake, nawe wamkanyaga kila siku.