USIKU WA KWANZA MELINI: USILALE POPOTE TU!

KILA inapokaribia Desemba, vijana wa mjini hunijia na swali lile lile: "Kaka, naenda Bukoba kwa meli, sijawahi kulala majini hata siku moja. Nikate chumba gani?"

Wengi wamezoea basi, wengine wameshaonja hata ndege. Lakini meli ni habari nyingine. Kwenye basi ukichukia kiti unahama. Melini ukishakosea chumba, ndugu yangu, umekosea mpaka kuche. Ndiyo maana wiki hii nimeamua kuwajibu wote kwa mpigo.

Njia ninayoisemea ni ya Mwanza, Kemondo hadi Bukoba. Mama mkongwe wa njia hiyo ni MV Victoria, aliyetengenezwa Uskochi, vipande vyake vikaja kuungwa Kisumu na akaanza kazi mwaka 1961. Baada ya kukarabatiwa alirudi kazini mwaka 2020 kwa jina la New Victoria Hapa Kazi Tu, akiwa na uwezo wa kubeba abiria 1,200. Hata hivyo, haya nitakayosema yanafaa meli yoyote yenye vitanda.

DARAJA SI SIFA, NI USINGIZI

Kwa mazoea ya meli zetu za ziwani, daraja la kwanza ni chumba cha watu wachache. La pili lina sehemu mbili: kulala, ambako mnabanana wengi zaidi chumba kimoja, na kukaa, ambako unapewa kiti. La tatu ni viti na watu, stori mpaka alfajiri, watoto wakilia na mizigo ikikuzunguka kila upande.

Sasa usikate la kwanza ili uonekane bosi. Jiulize kesho yake unakwenda kufanya nini. Kama unashuka Bukoba asubuhi na moja kwa moja unakwenda kwenye usaili wa kazi, au kujitambulisha kwa wakwe, lipia kitanda. Huwezi kusimama mbele ya baba mkwe macho mekundu kama umetoka kunywa lubisi. Kama unakwenda kupumzika tu na mfuko umekauka, daraja la pili kukaa halijaua mtu.

Angalizo kwa wapenzi: msidhani mkikata tiketi mbili basi mtalala chumba kimoja. Ulizeni mapema kama chumba ni cha watu wawili, na kama wanaume na wanawake wanatenganishwa. Nimewahi kuona bibi na bwana wakiagana kwenye korido kana kwamba mmoja anakwenda Ulaya.

KATI NDIYO MPANGO

Wahenga wa pwani walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Omo ni mbele ya chombo, tezi ni nyuma, na ngama ni kule chini katikati. Kwa mtu anayeogopa kutapika, hiyo methali ni ramani kamili.

Fikiria ile bembea ya ubao ya watoto. Wanaokaa nchani ndio wanaorushwa juu na chini, aliye katikati hasikii kitu. Meli nayo ni hivyo hivyo. Wimbi likiinua omo, tezi inashuka. Halafu meli inapoyumba kushoto na kulia, walio juu kabisa ndio wanaopepesuka zaidi. Kwa hiyo chumba cha katikati, kisicho cha juu sana, ndicho chenye amani.

Usidanganyike kwamba ziwa ni maji ya kwenye beseni. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na radi na dhoruba zake zina tabia ya kupiga usiku, saa zile zile ambazo wewe uko kitandani. Kama tumbo lako ni dhaifu, kula chakula chepesi, meza dawa ya kichefuchefu kabla meli haijang'oa nanga (muulize mwenye duka la dawa), na hali ikichafuka toka nje utazame mbali. Kujifungia chumbani ukisoma gazeti, hata kama ni hili, kutakumaliza.

MAJIRANI WA KUWAKWEPA

Kabla hujalipa, uliza chumba kimepakana na nini. Injini haina adabu, inaunguruma usiku kucha, na chumba kilicho juu yake kinatetemeka na kuwa na joto. Jirani wa pili ni baa na mgahawa. Saa tatu usiku utafurahi kuwa karibu na soda baridi, saa nane utajuta. Jirani wa tatu ni choo: kiwe karibu, lakini kisiwe ukuta kwa ukuta na mto wako. Wa nne ni nanga. Vyumba vya mbele kabisa huamshwa na mnyororo wake, na meli hii inapita Kemondo kabla ya Bukoba. Kengele ya bure hiyo!

Kuhusu kitanda, mimi napenda cha chini. Sipandi wala sishuki gizani, na meli ikiyumba sina pa kuangukia. Wanaopenda cha juu wanasema hawakaliwi na wageni wa jirani. Nao wana haki yao.

JINA LAKO LIANDIKWE

Hapa tuache utani kidogo. Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ikitokea Bukoba ilipinduka ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza. Ilikuwa na kibali cha kubeba abiria 430. Orodha ya waliokuwa daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na majina 443. Daraja la tatu halikuwa na orodha kabisa. Watu zaidi ya 800 walipoteza maisha, na wengi wamelala katika makaburi ya Igoma.

Msomaji wangu, soma hizo namba mara mbili. Kuna waliopotea siku ile bila hata karatasi ya kuonyesha kwamba walikuwa ndani ya ile meli. Kwa hiyo kabla ya kuulizia dirisha, hakikisha tiketi ina jina lako kamili, lile la kwenye kitambulisho, na si la mshikaji aliyekuuzia baada ya kughairi safari. Hili linamhusu wa daraja la tatu sawasawa na wa la kwanza.

Ukishaingia chumbani fanya mambo matatu kabla ya kuvua viatu. Moja, tafuta jaketi la kujiokolea, lishike, ujue linavyofungwa. Mbili, hesabu milango kutoka kwako mpaka ngazi ya kutokea nje, maana umeme ukikatika utahesabu kwa mkono. Tatu, angalia mlango wako unafunguka vizuri kwa ndani. Na ukiona meli imejaa kupita kiasi, shuka. Nauli inatafutwa tena.

KWA WENYE NDOTO KUBWA

Wapo wanaodunduliza waje wapande zile meli za starehe za baharini, kama wanazoziona zikitia nanga Unguja na Mombasa. Kanuni ya katikati na chini inafanya kazi kule pia. Ila kule kuna chumba cha ndani kisicho na dirisha, ambacho ni rahisi na giza lake ni totoro hata saa sita mchana, chumba chenye dirisha, na chenye kibaraza chake.

Chunga mitego mitatu. Bei inayotangazwa kwa kawaida ni ya mtu mmoja kwa hesabu ya watu wawili chumbani, hivyo ukienda peke yako unaongezewa. Dirisha la bei poa linaweza kuwa limezibwa na boti ya kuokolea, ukalipa kuangalia ubao. Na ukikubali kampuni ikuchagulie chumba ili upunguziwe, usije ukalalamika ikikuweka chini ya disko.

Mara ya kwanza usijinyonge kwa kibaraza. Mchana kutwa utakuwa nje na wenzako. Chumba cha ndani, katikati ya meli, kinatosha, na chenji yake utaitumia bandarini.

Kwa wa Bukoba, wahini tiketi mapema, maana Desemba vitanda hugombewa kama senene. Mkifika, nisalimieni. Na kama kuna ndizi za ziada, anayejua njia ya kunifikishia asione haya.