Kura nyingi, viti kidogo: juu ya nini?

Wandugu, wengi wetu tunafikiri chama chenye kura nyingi njo kinatawala. Tuangalie Zanzibar, Julai 1963. Viti vilikuwa 31. ASP ilipata karibu 54% ya kura, lakini viti 13 tu. ZNP ilipata 12, ZPPP 6. Wakajiunga, wakaunda serikali.

Juu ya nini? Kila fasi ilichagua mtu mmoja. Kule ASP ilikuwa na nguvu, kura za ziada hazikuongeza kiti. Pemba ilipigiwa na wengi, lakini ikaanguka karibu kila fasi.

Uhuru ulifika 10 Desemba. 12 Januari 1964 serikali ile ikapinduliwa.

Basi hapa Kindu, mbele ya kuuliza nani, tuulize: kura zinageukaje kuwa viti?