Taa mpya inavyoweza kukuza au kuua matumbawe tangini

MTU anapobadilisha taa za tangi lake la samaki wa baharini, hutarajia kuona matumbawe yakinawiri. Aghalabu mambo huwa kinyume. Baada ya siku nne au tano, ncha za matawi huanza kufifia, kisha zikawa nyeupe pe. Wiki chache baadaye kiumbe aliyechukua miaka kadhaa kukua huwa amebaki mifupa mitupu. Maji ni yale yale, chumvi haijabadilika na samaki wanaogelea kama kawaida. Kilichobadilika ni taa pekee, tena taa bora kuliko ile ya awali.

Si wenye matangi sebuleni peke yao wanaokabiliwa na tatizo hili. Mnamo Julai 2023, joto la maji katika ghuba moja ya kusini mwa Florida, nchini Marekani, lilipanda likapita nyuzi 38. Wanasayansi walilazimika kuyang'oa maelfu ya matumbawe kutoka vitalu vyao vya baharini na kuyakimbiza kwenye matangi ya nchi kavu. Miaka michache kabla ya hapo, matumbawe mengine ya jimbo hilo yalikuwa yamekusanywa na kusambazwa katika majumba ya samaki kote nchini humo ili kuyaepusha na maradhi hatari yaliyozuka karibu na Miami mwaka wa 2014. Viumbe hao wakishatolewa baharini, jua lao huwa ni taa, na anayeirekebisha taa hiyo ndiye mwenye uhai wao mkononi.

Ili kufahamu chanzo cha madhara hayo, yafaa kukumbuka kwamba tumbawe si jiwe wala si mmea. Katika pwani yetu, ambako nyumba za Lamu na Mombasa zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa yake ikatokana na kuyachoma, ni rahisi mtu kudhani kuwa ni mwamba usio na uhai. Kumbe ni mkusanyiko wa wanyama wadogo, kila mmoja akiwa na kinywa na minyiri, wanaojijengea mifupa ya chokaa chini yao.

Ndani ya nyama ya wanyama hao huishi mwani mdogo mno usioonekana kwa macho. Katika kila sentimita moja mraba ya tumbawe lenye afya mna mwani upatao milioni moja au zaidi. Mwani huo hutumia mwanga kutengeneza sukari, jinsi majani ya mti yafanyavyo, kisha humgawia mwenyeji wake. Inakadiriwa kuwa sehemu kubwa ya kawi ya tumbawe, pengine hadi asilimia 90, hutokana na ukarimu huo. Katika miaka ya 1950, mtafiti Thomas Goreau alidhihirisha kule Jamaika kuwa matumbawe hujenga mifupa yao kwa kasi zaidi penye mwanga kuliko gizani. Kwa hivyo anayeyafuga matumbawe hayo huyalisha kwa swichi ya umeme.

Hata hivyo, chakula hicho kina sumu ndani yake. Mwanga unapozidi kiwango ambacho mwani unaweza kukitumia, ziada hiyo huzalisha aina za oksijeni zinazounguza chembe hai. Tumbawe hujitetea kwa kuufukuza mwani. Kwa kuwa rangi ya kahawia hutokana na mwani huo, nyama hubaki kama kioo na mifupa meupe huonekana kupitia kwake. Huko ndiko kupauka. Tumbawe lililopauka bado halijafa, lakini lina njaa, na lisiporejeshewa mwani wake upesi litakufa.

Joto huzidisha balaa hilo, kwani mwani uliochoka kwa joto huunguzwa hata na mwanga ambao siku nyingine ungeuvumilia. Wakenya wana kumbukumbu chungu ya jambo hili. Mwaka wa 1998, bahari ilipopashwa joto na El Nino, sehemu nyingi za pwani ya Kenya zilipoteza zaidi ya nusu ya matumbawe yake hai, hata ndani ya hifadhi za Malindi na Watamu ambazo zimelindwa tangu 1968.

Sasa tuirejelee taa. Kwa miaka mingi wafugaji wa matumbawe walitegemea tyubu ndefu au globu kubwa za metali halaidi, ambazo zilikuwa na joto kama la jiko na zilizokula umeme mwingi. Taa za LED zilibadilisha hali hiyo, lakini hazingekuwa na manufaa hapa bila ile ya rangi ya buluu, ambayo iliwashinda wahandisi kwa muda mrefu. Wajapani Isamu Akasaki na Hiroshi Amano, pamoja na Shuji Nakamura, ndio waliofumbua fumbo hilo kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka wa 2014 wakatuzwa Nobeli ya fizikia.

Buluu ina umuhimu kwa sababu ya jinsi bahari ilivyo. Maji hufyonza mwanga mwekundu katika mita chache za mwanzo, huku ule wa buluu ukiendelea kuzama hadi kwenye vina virefu. Mwani wa matumbawe umezoea hali hiyo, nao huufyonza vyema mwanga wa kati ya nanomita 400 na 480 hivi, yaani zambarau na buluu. Chini ya mwanga huo, matumbawe mengi hung'aa kijani, chungwa au waridi, na ndiyo sababu watu huyapenda.

Hapa ndipo wengi hukwama. Jicho la binadamu huona vizuri zaidi rangi ya kijani na ya manjano. Buluu huiona hafifu. Tangi linalomulikwa kwa buluu tupu huonekana kama chumba cha jioni, ilhali tumbawe lililomo linapokea mwanga mkali. Mwenye tangi huliona giza hilo, akaongeza nguvu ya taa hadi macho yake yaridhike, na kumbe anaunguza. Vipimo vya kawaida vya mwanga, ikiwemo ile programu ya simu inayopima mwanga wa chumba, vina udhaifu uo huo kwa kuwa viliundwa kuiga jicho.

Kipimo kifaacho ni kile kiitwacho PAR, ambacho huhesabu chembe za mwanga zinazoweza kutumiwa na mimea na mwani. Hutajwa kwa maikromoli kwa kila mita mraba kwa sekunde, lakini msomaji asitishwe na jina refu; tutaziita alama. Jua la adhuhuri katika nchi za ikweta hufikisha takribani alama 2,000 juu ya uso wa bahari. Ndani ya tangi hakuna haja ya kukaribia idadi hiyo. Matumbawe laini, yasiyo na mifupa migumu, mengi huridhika na alama kati ya 50 na 150. Yale yenye mifupa migumu na vinywa vikubwa hutaka kati ya 100 na 200. Yale ya matawi membamba, ambayo baharini huishi karibu na uso wa maji, yanahitaji 200 hadi 350. Kifaa cha kupimia ni ghali, na kwa maoni yangu si lazima kila mtu akinunue. Wafugaji watano wanaweza kushirikiana kimoja, kwa sababu baada ya kupima na kuandika, kifaa hukaa kabatini kwa miezi.

Jambo la kuzingatia katika upimaji ni kwamba taa ya LED haimwagi mwanga sawasawa. Lenzi zake huukusanya katikati, hivyo jiwe lililo chini ya taa moja kwa moja huweza kupata alama maradufu ya lile lililo kando. Kuiinua taa kwa sentimita kumi kutoka ilipo husambaza mwanga vizuri zaidi, na wakati mwingine hilo pekee hutatua shida.

Iwapo mahali tumbawe lilipo taa ya zamani ilikuwa ikitoa alama 150, taa mpya ianzie chini ya hapo, tuseme 100, kisha ipandishwe kidogo kidogo, takribani asilimia tano kila wiki. Safari nzima huchukua mwezi mmoja na nusu au miwili. Asiye na kipimo aanze na theluthi moja ya nguvu ya taa, ayaweke matumbawe mapya chini kwenye mchanga, na kuyapandisha juu ya mawe hatua kwa hatua. Muda wa mwanga mkali uanzie saa sita kwa siku na uishie kati ya saa nane na kumi. Wapo wanaowasha taa hafifu kwa saa kumi na sita wakidhani wanafidia. Hawafidii chochote, matumbawe yanahitaji usiku, na mengi hutoa minyiri yake kuwinda chakula gizani.

Wiki zote hizo, tumbawe lenyewe hutoa taarifa. Likipauka upande wa juu unaotazama taa huku upande wa chini, wenye kivuli, ukibaki na rangi yake, mwanga umezidi. Punguza nguvu siku hiyo hiyo wala usingoje wiki iishe. Likigeuka kahawia iliyokolea, huenda mwanga ni haba na tumbawe linajiongezea mwani ili kunasa kidogo kilichopo, ingawa uchafu mwingi majini huleta rangi hiyo pia. Likirefuka kama mche uliofichwa nyuma ya mlango, linautafuta mwanga. Lakini nyama ikibanduka kutoka shinani kwenda juu, usiilaumu taa. Chunguza maji, hasa ikiwa kiwango cha madini kimebadilika ghafla. Ni muhimu kubadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua lipi lililoponya na lipi lililodhuru.

Kuna mitego midogo ambayo huwanasa hata wazoefu. Chumvi hujiganda kwenye kioo cha taa na kupunguza mwanga polepole kwa miezi. Siku inapopanguswa, matumbawe hupata mwangaza wa ghafla ambao mwenye tangi hakuukusudia. Hali ni hiyo hiyo unapoweka makaa ya kuchujia maji yaliyokuwa na umanjano. Siku hizo shusha taa kidogo kwanza. Na maji yakipita nyuzi 29 wakati wa kiangazi, punguza mwanga hadi yapoe. Umeme ukikatika, saa chache za giza hazidhuru tumbawe. Hatari iko katika maji kutosukwa na kukosa hewa. Ila ukirudi, hakikisha kifaa kinachowasha taa kwa saa hakijapoteza majira na kuanza kumulika usiku wa manane.

Upatikanaji wa matumbawe yenyewe una masharti. Biashara ya kimataifa ya matumbawe yenye mifupa migumu inahitaji kibali chini ya mkataba wa CITES, na kuyang'oa katika hifadhi zetu za baharini ni hatia. Mfugaji mwenye busara huanza na kipande kilichokatwa kutoka tumbawe lililokuzwa tangini.

Wataalamu wameipeleka taa mbali zaidi ya ukuaji. Baharini, matumbawe mengi hutaga mara moja kwa mwaka, usiku wa siku chache baada ya mwezi mpevu, yakiongozwa na joto, urefu wa mchana na mbalamwezi. Mnamo 2013, jumba la makumbusho la Horniman jijini London lilifaulu kuyafanya matumbawe yatage tangini kwa kuiga hayo yote. Mnamo Agosti 2019, wenzao wa Florida, wakisaidiwa na wataalamu wa Horniman, walipata mayai ya tumbawe la nguzo, aina ambayo ilikuwa ikitoweka katika pwani yao. Taa za LED juu ya matangi hayo zilikuwa zimepangwa kuiga macheo na machweo, kupanda na kushuka kwa mwezi, siku baada ya siku kwa miezi mingi.