Ghala Limejaa, Mtoto Amedumaa

Nyanda za Juu Kusini ni ghala la Tanzania. Mahindi ya Iringa, mchele wa Kyela, maharage na viazi vya Mbeya, ndizi na maparachichi ya Rungwe huondoka kwa malori kwenda kuilisha miji. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa Iringa iliongoza nchini kwa udumavu: takribani asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka mitano, karibu mara mbili ya wastani wa taifa wa asilimia 30. Basi wingi wa chakula peke yake haujengi mwili. Kinachoujenga ni mlo, kinywaji na mapumziko ya kila siku.

Tuanze na ugali. Mahindi yakikobolewa ili kupata sembe, ganda na kiini huondoka pamoja na sehemu kubwa ya madini ya chuma, zinki na vitamini. Pumba tunawapa nguruwe na kuku, mtoto tunampa uji mweupe. Anashiba, ila hakui. Dona ikiliwa na maharage hurudisha mengi yaliyopotea, kwa sababu maharage yana protini ambayo mahindi yamepungukiwa. Kwenye kinywaji nako kuna hasara. Chai ya rangi ikinywewa pamoja na mlo hupunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini, na ulanzi, kwa kuwa ni pombe, haumfai mtoto wala mjamzito hata kidogo. Mapumziko nayo ni lishe: mjamzito anayelima bila kupumzika hutumia nguvu ambazo zingemjenga mtoto aliye tumboni. Akishajifungua, akirudi mapema kushinda shambani, mtoto hula asubuhi na jioni tu, ilhali mwenye miezi tisa na kuendelea anahitaji milo mitatu hadi minne kwa siku, kwani tumbo lake ni dogo.

Wapo wanaosema ufupi wa mtoto aliyedumaa ni wa ukoo. Lakini Shirika la Afya Duniani lilipotoa viwango vya ukuaji mwaka 2006, lilikuwa limepima watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Wale waliolishwa na kutunzwa vizuri walikua kwa namna inayofanana sana. Wengine husema ni umaskini, na hoja hiyo ina uzito, kwa maana maharage, mayai na maziwa huuzwa ili kupata ada na mbolea. Hata hivyo, vyakula hivyo vimetoka katika shamba la nyumbani. Kinachohitajika ni uamuzi wa familia nzima, akina baba wakiwa mbele, kwani mara nyingi fedha za mavuno na mgawanyo wa kazi viko mikononi mwao. Siku 1,000 tangu mimba kutungwa hadi mtoto kutimiza miaka miwili hazirudi. Kabla gunia la maharage halijapakiwa kwenye lori, tutenge kwanza debe la mtoto.