Je, Wajua? Stevie Wonder Aliimbwa kwa Kiswahili na Binti wa Burundi

Stevie Wonder, gwiji wa muziki wa soul wa Marekani, aliutoa wimbo “Free” mwaka 1987 katika albamu ya Characters. Miaka tisa baadaye Khadja Nin, mzaliwa wa Burundi, aliuchukua muziki huo akautilia maneno ya Kiswahili, akauita “Sina Mali, Sina Deni”. Umo katika albamu yake ya tatu, Sambolera, ya mwaka 1996. Kwa masikio yangu, Kiswahili kimeukaa wimbo huo barabara! Na kwao Burundi si lugha ya kuazima: mtaani Buyenzi, Bujumbura, ndicho kinachosikika dukani na barazani kila siku. Khadja mwenyewe hakuishia kwenye muziki: mwaka 2018 alikuwa jaji katika tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa.