Juu ya nini chakula cha nyumbani kilipwe dola 300? Restora kubwa za Kikorea mjini New York

Mwezi wa 12 mwaka 2024, restora moja ya mjini New York inayoitwa Jungsik ilipewa nyota tatu za Michelin. Ni restora ya kwanza ya Kikorea nchini Marekani kufikia hapo. Wengi kwetu wanajua Michelin kwa matairi ya gari, na hawakosei: ni kampuni ile ile ya Ufaransa. Mwaka 1900 ilianza kutoa kitabu kidogo cha kuonyesha wenye magari mahali pa kutengenezesha gari, pa kulala na pa kula, ju mwenye kusafiri sana anamaliza matairi mbio. Leo kile kitabu njo wapishi wakubwa wanakiogopa kuliko mteja yeyote. Nyota tatu ndiyo kiwango cha juu kabisa. Maana yake: chakula cha pale kinastahili mtu afunge safari juu yake tu.

Sasa bei. Katika restora za aina hii mteja hachagui sahani moja kwenye orodha. Analetewa sahani ndogo ndogo, moja nyuma ya ingine, kwa saa mbili mpaka tatu, na bei ni moja kwa zote: karibu dola 300 kwa mtu mmoja, ao zaidi, bila vinywaji. Juu yake kuna kodi ya mauzo ya New York, 8.875 kwa mia, halafu matabishi ambayo kwa desturi ya Marekani ni karibu 20 kwa mia. Ukijumlisha, dola 300 zinafika karibu 387. Watu wawili wakiongeza divai, wanaweza kupita dola elfu moja kwa chakula cha mangaribi moja.

Mtu wa Bukavu ao wa Bunia atauliza: ni chakula gani hicho? Wakorea wenyewe waliuliza mbele yake, tena kwa ukali. Na jibu lao linagusa jambo ambalo hata huku linajulikana.

Meza ya kawaida ya Mkorea iko hivi: wali, supu, kimchi (shu iliyotiwa chumvi, pilipili na kitunguu saumu, ikaachwa ichache), na vibakuli vidogo vya mboga, samaki ao mayai vinavyoitwa banchan. Katika restora ya kawaida mjini Seoul, banchan hailipwi. Kibakuli kikiisha, unaomba tena, unaletewa bure. Hata New York, kwenye Rue ya 32 kati ya Fifth Avenue na Broadway, mtaa unaoitwa Koreatown, unakaa, nyama inachomwa katikati ya meza yako, na vibakuli vinafika kabla hujaomba kitu. Mtu aliyekomalia desturi hiyo akionyeshwa kibakuli kimoja cha dola nyingi, neno lake ni moja: «Hii mama yangu anapikaka kila siku. Juu ya nini nilipe?» Lakini mtu huyo huyo atalipa nyama ya Kifaransa ao samaki mbichi wa Kijapani bila kusema kitu.

Mwenye restora wa Goma akiweka sombe na sambaza kwa bei moja na steki na frite, atasikia maneno hayo hayo, na pengine kutoka kwa ndugu zake mwenyewe.

Kwa Wakorea, neno hilo lina mizizi ya njaa. Vita vya 1950 mpaka 1953 viliacha nchi ikiwa kati ya zile masikini kabisa duniani. Wazee bado wanakumbuka miezi ya masika, wakati mchele wa mavuno ya nyuma umeisha na shayiri haijakomaa. Kipindi hicho kilikuwa na jina lake, «kilima cha shayiri», ju kukivuka ilikuwa sawa na kupanda mlima bila nguvu. Karibu na kambi za jeshi la Marekani, watu walikusanya soseji na nyama ya mikebe iliyotoka kwa askari, wakaichemsha pamoja na kimchi. Ile supu ya kambi ingali inauzwa mpaka leo, na watu wanaipenda. Katika miaka ya 1960 na 1970, serikali ilifika hata kuweka siku ambazo restora hazikuruhusiwa kuuza wali, ili mchele usiishe. Ndiyo nchi hiyo hiyo, Korea ya Kusini, iliyokuja kulipia ujenzi wa Muzee ya taifa mjini Kinshasa, iliyofunguliwa mwaka 2019. Utajiri ulikuja mbio sana. Heshima ya chakula cha nyumbani ilichelewa nyuma.

Yim Jungsik, mwenye restora ya Jungsik, alianzia jikoni la jeshi wakati wa utumishi wake wa lazima. Akaenda kusomea upishi Marekani, akafanya kazi katika restora za New York na za Hispania, na mwaka 2009 akafungua ya kwake mjini Seoul. Mwaka 2011 akafungua ingine New York, mtaa wa Tribeca, katika nyumba ambamo mbele yake kulikuwa restora ya Kifaransa yenye jina kubwa, Chanterelle. Alichukua gimbap, wali uliofungwa ndani ya majani makavu ya bahari, ile ambayo mama anamfungia mtoto siku shule inatoka matembezi, akaitengeneza nyembamba na kavu, yenye kuvunjika mdomoni. Wengine walisema hii si Kikorea tena. Wengine wakasema: si Kikorea na si Kifaransa, basi ni nini? Ilichukua miaka 13 tangu alipofungua New York mpaka nyota ya tatu.

Kuna sehemu ya bei ambayo ni ngumu kuitetea. Pango ya nyumba mjini New York iko juu sana, wafanyakazi ni wengi kwa wateja wachache, na jina lenyewe linalipwa. Lakini kuna sehemu ingine ambayo ni ya kweli, na iko ndani ya mitungi.

Msingi wa upishi wa Korea ni kitu kinachoitwa jang, na jang inaanzia kwenye soja. Soja tunaijua: njo inasagwa kwa uji wa watoto waliokonda. Wakorea wanaichemsha mpaka ilainike, wanaiponda, wanaifinyanga kama tofali, halafu wanaifunga kwa majani makavu ya mpunga na kuitundika kwa wiki nyingi. Ukungu unaingia polepole. Kisha tofali zinatiwa katika maji ya chumvi, ndani ya mitungi mikubwa ya udongo inayowekwa nje, kwenye jua na baridi. Udongo wa mitungi hiyo unapitisha hewa kidogo. Baada ya siku 40 mpaka 60, maji yanatenganishwa na soja: maji meusi yanakuwa ganjang, soja yenyewe inakuwa doenjang. Hapo ndipo kungoja kunaanza, mwaka mmoja, miaka mitano, kumi. Kuna familia zinazotunza ganjang ya zamani na kuongezea mpya juu yake, kizazi baada ya kizazi. Gochujang, ile nyekundu, inachanganywa na unga wa pilipili, na pilipili hiyo, sawa na mihogo yetu, asili yake ni Amerika.

Mama wa kwetu anayeloweka mihogo siku tatu ao ine kabla ya kuianika hahitaji kuelezwa zaidi. Ni chakula kinachooza kwa mpango, na anayekosea siku moja anatupa vyote.

Mwezi ule ule Jungsik ilipopata nyota ya tatu, Unesco iliandika kazi ya kutengeneza jang katika urithi wa dunia usioshikika, orodha ile ile iliyopokea rumba ya Congo mwaka 2021. Kazi ya kutengeneza na kugawana kimchi ilikuwa imeandikwa tangu 2013. Kwa wapishi wa restora kubwa, hiyo ilikuwa silaha mkononi: kijiko kimoja cha sosi nyeusi kwenye sahani kinaweza kuwa na umri kuliko mpishi aliyekimimina.

Anayeeleza jambo hilo vizuri kuliko wote pengine ni Junghyun Park, aliyewahi kufanya kazi chini ya Yim. Mwaka 2018, yeye na mke wake Ellia Park walifungua Atomix, pia New York. Wateja wanakaa chini, viti 14 tu, kuzunguka meza moja ndefu inayotazamana na wapishi. Mbele ya kula, kila mtu anachagua vijiti vyake vya kulia. Na kila sahani inafika na karatasi ndogo yenye jina lake kwa Kikorea, vitu vilivyomo na habari ya mahali wazo lilipotokea. Majina hayabadilishwi ili kumpendeza mgeni. Mgeni njo anajifunza kuyatamka. Mwaka 2025 Atomix iliwekwa ya kwanza katika orodha mpya ya restora 50 bora za Amerika ya Kaskazini.

Nafasi zinakamatwa kwa intaneti na pesa zinalipwa mbele, kama tiketi ya ndege. Asiyeweza kula karanga, samaki ao maziwa anasema siku ile ya kulipa. Akisema akiwa mezani, amechelewa. Adabu iliyobaki haitamshinda mtu wa huku. Mzee anaanza kula kwanza, na kinywaji anamiminiwa kwa mikono miwili. Jambo moja tu ni la kuangalia: vijiti havisimamishwi ndani ya wali, ju njo vile wanafanyia wafu wakati wa kilio.

Wanaosema kwamba hizi ni restora za matajiri wanasema kweli, na hakuna karatasi itakayobadilisha hilo. Hao Park wenyewe wana ingine iliyotangulia, Atoboy, waliyoifungua mwaka 2016 kwa bei ya chini zaidi, na wazo lake lote ni banchan: vile vibakuli vya bure, sasa vikiwa ndiyo chakula chenyewe.

Mwisho wa chakula wapishi hawa wanapenda kucheza. Mjini Seoul, restora Mingles, ambayo nayo ilipata nyota tatu mwanzoni mwa 2025, inajulikana kwa kitindamlo chenye ganjang, doenjang na gochujang zote tatu ndani ya kitu kitamu. Jungsik ya New York ilijulikana kwa miaka kadhaa kwa kitamu chenye umbo la ndizi ndogo mbivu. Mtu wa Kivu anaweza kucheka: dola 300, halafu ndizi! Lakini mpaka mwaka 1991, Korea ilipofungua mipaka kwa ndizi za nje, ndizi kule ilikuwa kitu cha bei kali, na mtoto aliyepewa moja nzima aliikumbuka muda mrefu.