Stakabadhi za Vifurushi

Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ina urefu wa kilomita 1,860 na huvuka mpaka wa Zambia hapa Tunduma. Mengi yaliyoandikwa juu yake yahusu siasa za mataifa. Jamie Monson, katika kitabu chake cha mwaka 2009, Africa's Freedom Railway, alifuata njia nyingine: alizisoma stakabadhi za vifurushi, akaonyesha jinsi wakulima na wachuuzi wadogo walivyojipatia riziki kwa treni ya kawaida.

Uchunguzi huo umekaa zaidi Kilombero hadi Makambako. Twataka Tunduma nayo, na Songwe nzima iliyopewa hadhi ya mkoa mwaka 2016, ichunguzwe vivyo hivyo. Msomaji wa visiwani asidhani hayamhusu. Gati la Mkoani nalo lina vifurushi vyake, na nani avihesabu?

Septemba 2024 Tanzania, Zambia na China zilitia saini mjini Beijing makubaliano ya kuifufua reli hiyo. Wahusika serikalini wanapopanga ratiba, hatuna budi kuwauliza: treni isimamayo katika vituo vidogo imetengewa nafasi gani? Shaba ina watetezi wake.